Naombeni vitabu vya kujifunza kushawishi watu, nina wiki mbili tu

KijanaMalaba: Habari wakubwa. Niko Malaba upande wa Uganda, mwaka wa 6 huu kwenye uwakala wa forodha. Makaratasi nayajua, mdomo ndio mzito. Nikisimama mbele ya tajiri mwenye malori natoka jasho hadi kalamu inateleza mkononi. Nataka vitabu vya kuongea, kushawishi na kujuana na watu. Nimetajiwa kitabu cha Carnegie, cha kupata marafiki na kushawishi watu. Nina laki moja. Msiniambie nirudi chuo.

Mama Shamim: Carnegie mzuri, ila ni wa 1936, mifano yake ya kizamani. Lile la kumwita mtu kwa jina nimelitumia hapa sokoni Owino, Kampala. Mteja akirudi baada ya mwezi namwita jina, namuuliza kama mtoto bado anakohoa. Alikuja kununua gauni moja, anabeba mawili.

Mwalimu Mstaafu: Sisi Mbale tulijifunza kuongea misibani. Mara yangu ya kwanza nilimsifu marehemu dakika kumi, kumbe nataja jina la kaka yake, naye kakaa mstari wa mbele. Hakuna kitabu kinachokufunza hivyo.

Dereva Trela: Chukua kitabu cha Cialdini cha ushawishi, 1984. Yule profesa alijiunga na mafunzo ya wauzaji kama mwanagenzi ili aone wanavyotunasa. Ukimsoma utawaelewa wale watu wa kukodiwa wanaokaa ndani ya teksi, zile basi ndogo za abiria, pale stendi ya Old Park Kampala ionekane inajaa. Unapanda, wao wanashuka. Ila wiki mbili za nini?

KijanaMalaba: Kuna mkutano tu.

Mama Shamim: Na nani, mwanangu?

KijanaMalaba: Haya. Naacha kazi nifungue ofisi yangu. Nimeshanakili namba za wateja 40, na chumba nimelipia miezi 3. Nataka niwaongeleshe kabla bosi hajajua. Msinihukumu, mteja hana mwenyewe, na hao nimewahudumia mimi.

Dereva Trela: Bosi ni nani yako?

KijanaMalaba: Mjomba. Ndiye aliyenilipia karo tangu darasa la tano. Lakini mshahara haujapanda hata mara moja, na mwanawe aliyeanza juzi kapewa meza ya karibu na feni.

Mwalimu Mstaafu: Kwa hiyo unatafuta kitabu cha kumwibia aliyekununulia daftari.

KijanaMalaba: Mzee, shikamoo, lakini feni hiyo niliinunua mimi.

Paka wa Busia: Stori ya kutunga. Tangu ije Himaya Moja ya Forodha, ule utaratibu wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki, 2014, mizigo mingi ya bandarini inamalizwa kodi ikiwa bado Mombasa. Wateja 40 Malaba kawatoa wapi? Na jina hilihili wiki jana lilikuwa linauliza bei ya vifaranga Soroti.

KijanaMalaba: Vifaranga ni vya mke wangu, tunatumia simu moja. Wateja wangu ni wadogo, wa sabuni na mabati kutoka Kenya. Njoo uone.

Paka wa Busia: Sabuni na mabati. Sawa ssebo.

Mama Shamim: Banange, hata kama ni uongo nitajibu. Tafuta cha Fisher na Ury, 1981, cha mapatano. Kinakufunza kuangalia mwenzako ana haja gani hasa, badala ya kila mtu kung'ang'ania msimamo wake. Huenda mjomba anaogopa tu kubaki na huyo mwanawe asiyejua kazi. Mwombe ubia kabla hujamkimbia.

KijanaMalaba: Ubia hawezi kukubali.

Mama Shamim: Ulimuuliza?

KijanaMalaba: Namjua. Halafu kadi nimeshachapisha Nasser Road, 500.

Dereva Trela: Kadi umeweka namba gani? Ya hiyo simu ya vifaranga?

KijanaMalaba: Ndiyo. Kwani vipi?

Dereva Trela: Mkeo anajua unaacha kazi?

KijanaMalaba: Hicho cha Cialdini Kampala naweza kukipata cha mkono wa pili?