Kupinga kodi si kukwepa kodi, hivi hili nalo gumu?

Wakuu, nimekereka, mnivumilie.

Jumanne nilienda kuulizia makadirio yangu ya kodi. Duka ni lile lile la spea za pikipiki, fremu moja, kijana mmoja wa kunisaidia. Mwaka jana nililipa nikamshukuru Mungu. Mwaka huu karatasi imekuja na kiasi karibu mara mbili, na biashara mnaijua ilivyo. Nikabeba daftari la mauzo na rambo lililojaa risiti (rambo la kabla ya katazo la 2019, msinichongee), nyingine wino umeshafifia hata hazisomeki. Kufika dirishani, salamu yangu haijajibiwa, dada wa pale anamgeukia mwenzake: "Wakwepa kodi leo hawaishi." Foleni nzima ikanigeukia. Na nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja ambaye bado nina deni lake la tairi!

Sasa jamani. Kukwepa ni kuinama jiwe likupite. Unauza bila risiti, mzigo wa laki moja unauandikia elfu kumi, ukisikia watu wa kodi wameingia mtaani unafunga duka unaenda kunywa chai. Huyo ndiye mkwepaji, na mimi namchukia kuliko wao wanavyomchukia, maana anauza bei ya chini kuliko yangu na wateja wananiona mimi ndiye mwizi. Kupinga ni kwenda mwenyewe, mchana kweupe, jina lako na TIN yako juu ya karatasi, ukasema hesabu hii siikubali, nionyesheni mmeipataje.

Na neno lenyewe ni la kwao! Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inatambua pingamizi. Una siku 30 tangu upewe makadirio, unaandika sababu zako, na ili lipokelewe unatanguliza theluthi moja ya kodi waliyokukadiria au kile kiasi ambacho hubishanii, kilicho kikubwa ndicho unalipa. Usiporidhika, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza. Mkwepaji gani duniani anatanguliza theluthi?

Mnakumbuka tozo za miamala ya simu, Julai 2021? Hapa mtaani waliojifanya wajuaji walitufundisha kwamba tozo ni tozo, tusiiite kodi. Sawa, tukanyamaza. Kelele zilipozidi, mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, na wale wale wajuaji wakatuita sisi tuliolalamika wapinga kodi. Yaani ukiilipa si kodi, ukiilalamikia imeshakuwa kodi.

Kariakoo nao walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, ule ulikuwa mgomo, uitwe mgomo. Walikuwa wanalia na kamatakamata na utitiri wa kodi. Nenda kijiweni kwetu leo, utasikia "wale wakwepaji wa Kariakoo". Mtu aliyegoma, aliyepinga na anayeiba wote tumetiwa gunia moja, na anayefurahi ni yule anayeiba, kwa sababu amejichanganya na watu wenye hoja.

Leo ni siku ya 19 kwangu. Theluthi bado naitafuta, nimeshauza injini moja niliyoiweka akiba. Mwenye kuandika pingamizi likapokelewa aje hapa aniambie kichwa cha barua alikiandikaje. Mimi nimeanza na "YAH: KUPINGA MAKADIRIO YA KODI". Mwanangu wa kidato cha tatu ameisoma, anasema nibadilishe niandike "kuomba kufikiriwa upya" nisije nikaonekana mkorofi. Nimemwambia aniletee kalamu ya wino mweusi, hiyo ya bluu haikolei.