Kuunga kamba ya duara ya kukunjia tanga la mbele

Baharia wa Matema:
Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Matema. Tanga la mbele la mashua yangu hukunjwa kwa gurudumu lililoko omoni, na kamba yake ni duara moja linalotoka kwenye gurudumu hilo hadi tezini na kurudi. Kamba ya sasa imeungwa kwa fundo, nalo hukwama kwenye kapi, jambo la hatari upepo wa mwera unapochacha ziwani. Nimepata kamba mpya ya poliesta ya milimita 10, yenye kiini na ganda la kusukwa. Naomba kuelekezwa namna ya kuunga ncha zake bila kuacha uvimbe.

Fundi Kamba, Iringa:
Ndugu Baharia, hakikisha kwanza kwamba unene huo unalingana na mfuo wa gurudumu, kwa sababu kamba nyembamba huteleza hata ikiungwa vizuri namna gani. Pima urefu kwa kufuata njia yote ya kamba, kwenda na kurudi, pamoja na mzunguko wa gurudumu, kisha ongeza sentimita 40 zitakazomezwa na kiungo. Ikiwa makapi hayafunguki, ipitishe kamba kwanza na uungie humo humo mashuani.

Katika kila ncha, weka alama kwenye ganda sentimita 20 kutoka mwisho, kisha vuta kiini na ukikate sentimita 40 kutoka mwisho huo huo. Sasa una mkia mtupu wa ganda na, nyuma ya alama, nafasi tupu inayolingana nao. Mkia wa upande mmoja uingie ndani ya ganda la mwenzake penye alama, na wa pili vivyo hivyo, hadi kila mkia ukutane na kiini kilichokatwa. Punguza nyuzi za mikia hatua kwa hatua kuelekea mwisho, kwani mkia uliokatwa butu huacha kinundu. Kamua ganda kwa mkono mpaka lilale sawa, ndipo ushone kwa uzi imara pande zote mbili za makutano.

Njia hii huacha mzigo wote kwenye ganda. Kwa poliesta inatosha, lakini kwa kamba yenye kiini cha Dyneema (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana) siishauri kabisa, maana nguvu yake imo kwenye kiini.

Mvuvi wa Kyela:
Naunga mkono maelezo ya Fundi, ila kabla ya kushona naomba kiungo kipitishwe kwenye kila kapi, kwa kuwa kushonoa ni kazi ngumu kuliko kushona. Vilevile, panga kiungo kiwe mbali na gurudumu tanga likiwa limekunjwa lote, kwa sababu hapo ndipo kamba hushikilia muda mrefu wakati wa upepo. Kapi la tezini lifungwe kwa mpira unaovutika: kamba ikilegea gurudumu haliing'ati, na ikikazwa mno gurudumu huwa zito. Wakati wa kukunja, legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) kwanza ili tanga lipoteze upepo, lakini usiiachie yote, la sivyo tanga litajikunja ovyo.