Tupeane uzoefu: wanafunzi wa elektroniki na mtandao wa kompyuta, hukwama wapi?

Fundi wa Malindi: Vijana wa elektroniki transista wanaijua mpaka basi. Wape kebo ya mtandao na plagi zake za RJ45 uone. Wanakwama wapi hasa? Mwageni.

Waya Nane: Rangi. Kuna mpangilio wa rangi uitwao T568B: kilimi cha plagi kikiwa chini, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kata zilingane, sukuma mpaka shaba ionekane kwenye ncha ya plagi, na ganda la kebo liingie chini ya kibano. Ndipo ubane.

Msela wa Langoni: Rangi ni urembo. Mradi pande mbili zifanane na testa iwake 1 hadi 8, kazi imekwisha.

Waya Nane: Hayo ndiyo yanayowapoteza vijana! Testa ya taa inapima kama waya umefika, haijui umesokotwa na upi. Pini 3 na 6 lazima ziwe jozi moja, yaani waya mbili zilizosokotwa pamoja, ndipo kelele za umeme zifutike. Ukipanga jozi kwa kufuatana, 1-2, 3-4, 5-6, taa zote zitawaka, lakini 3 na 6 zitatoka jozi tofauti na kelele haifutiki. Kebo ya mita 1 itakuficha. Ya mita 40, ukinakili faili kubwa tu, paketi (vipande vya data) zinapotea.

Msela wa Langoni: Haya mwalimu, shikamoo.

Bi Mkomani: Kweli kabisa. Na ukwangue waya kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe dukani. Kamera inayopata umeme kwa kebo hiyo hiyo itakosa umeme wa kutosha na kujizima usiku taa zake zinapowashwa.

Nahodha wa Mawimbi: Mnagombania rangi, njooni Lamu muone kiungo cha redio kinachovuka maji. Asubuhi nguvu ya mawimbi ni -58 dBm, saa 6 baadaye imeshuka hadi -75, kisha kinapona chenyewe. Watu hubadilisha rauta, kebo, hata antena. Wimbi la redio linafika kwa njia mbili, moja kwa moja na kwa kudunda juu ya bahari. Maji yakijaa au yakipwa, urefu wa njia ya pili unabadilika na mawimbi mawili yanauana. Siku za bamvua ndiyo mbaya zaidi.

Msela wa Langoni: Uongo wa baraza huo. Ni wateja wanaojazana jioni.

Nahodha wa Mawimbi: Wateja hawashushi dBm. Andika kipimo kila saa. Tatizo likichelewa kama dakika 50 kila siku, ni maji hayo, angalia kwa mato yako.

Fundi wa Malindi: Basi dawa ni kuinua mlingoti.

Nahodha wa Mawimbi: Si lazima! Mara nyingine unaushusha, ukingo wa paa uzibe ule mdundo bila kuziba njia yenyewe. Au antena mbili kwa urefu tofauti.

Bi Mkomani: Mtandao ukikatika, vijana waanze na pingi kwanza, yaani kuita anwani uone kama inajibu: 127.0.0.1 (kompyuta yako yenyewe), kisha rauta, kisha 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje), kisha jina la tovuti. Inapokatika ndipo pa kuchimba. Ukiona anwani inaanza na 169.254, DHCP (inayogawa anwani) haijajibu, usihangaike na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani).

Waya Nane: Na 192.168.1.70/26 haimwoni 192.168.1.20 bila rauta. /26 hugawa anwani kwa mafungu ya 64: la kwanza linaishia 63, na 70 iko la pili.

Msela wa Langoni: Weka /24, zote ziwe fungu moja, ulale.

Bi Mkomani: Ulale, halafu mtu achomeke rauta ya nyumbani kwa tundu la LAN (la mtandao wa ndani), igawe anwani zake ofisi nzima. Zima DHCP yake kwanza, Msela.