Tangi la choo la tela halizibwi kwa silikoni! Mafundi na wauza gundi wa Mtwara mmezidi

Wakuu habari za muda huu.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Hapa Mtwara ukiwa na tangi la plastiki linalovuja, liwe la tela, la boti au la nyumbani, fundi utakayemwita anakuja na dawa moja tu mkononi: mrija wa silikoni. Haulizi ni plastiki gani. Haangalii ufa umeanzia wapi. Hainami hata na tochi akachungulia. Anapaka, anapokea hela, anaondoka. Likianza kuvuja tena unampigia, simu inaita mpaka inakata.

Mimi na kaka yangu tuna tela la kulala, yale yenye vitanda, jiko dogo, bafu na choo humohumo ndani. Tulilinunua mkononi kwa kampuni ya ujenzi iliyomaliza kazi yake huku kusini. Sikukuu tunalikodisha kwa wageni wanaokwenda Msimbati, na kuanzia mwezi wa sita linakwenda Tandahimba kwa vijana wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, wanalala humo shambani. Chini ya sakafu lina matangi mawili, moja la maji ya sinki na bafu, jingine la choo. Lililopasuka ni la choo.

Kwa ambaye hajawahi kuona: choo cha tela hakina shimo. Kila kinachoingia kinakaa kwenye tangi mpaka mfungue koki kubwa ya chini na kumwaga kwenye shimo la choo au kuita gari la majitaka. Kwa hiyo tangi hilo likivuja, kinachodondoka mnakijua. Na kwetu lilivuja Msimbati, palepale jirani na nyumba za watu. Pwani ile ni mchanga, uchafu hausimami juu, unazama, na watu wanachota maji ya visima vifupi. Nani humu hajui kipindupindu kinavyoingia kijijini? Kinapita kwenye maji yaliyoguswa na kinyesi. Ndiyo maana sitaki kusikia mtu akiniambia "si ni kavujo kadogo tu."

Sasa nisikilizeni alichofanya fundi wa kwanza. Alikuja na pikipiki, akaingia chini ya tela na kutoka kabla chai niliyomwekea haijapoa. Akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, hii kazi yangu ya kila siku." Tangi halikuoshwa. Halikukaushwa. Palikuwa bado panachuruzika na yeye akapaka juu ya ule unyevu na uchafu. Usiku uleule silikoni ilibanduka nzima nzima kama ganda la muhogo uliochemshwa, nikaivuta kwa vidole viwili. Laki moja imekwenda.

Nikaenda dukani, haya maduka ya vifaa vya ujenzi pale mjini. Nikamwambia muuzaji waziwazi: nataka gundi ya tangi la plastiki la majitaka. Akanitolea ile ya mirija miwili ya kuchanganya, akaapa kwamba inashika chuma, mbao, kioo na plastiki zote. Plastiki ZOTE, ndivyo alivyosema mbele ya wateja wengine. Kijana wa kaka yangu akamulika nyuma ya pakiti kwa tochi ya simu, na kwa herufi ndogo kabisa imeandikwa kwamba isitumike kwenye polietilini wala polipropilini. Mtengenezaji mwenyewe amekataa! Tukarudi nayo hata haijafunguliwa. Jibu: "Mama, bidhaa ikishatoka dukani hairudi." Yaani uliniapia kitu ambacho pakiti yako mwenyewe inakikana, halafu hela yangu hairudi?

Wakuu, hili jambo si siri na wala si la kusomea chuo. Polietilini ndiyo plastiki ya simtanki, ya madumu ya mafuta na ya matangi mengi ya tela. Uso wake ni wa kutelezateleza kama umepakwa nta, hauna pa kushikia gundi, na vimiminika vya kawaida vya kuyeyushia plastiki haviugusi. Angalieni hata zile chupa ndogo za supagluu, nyingi zimetengenezwa kwa plastiki hiyohiyo na gundi inakaa humo bila kuganda kwenye kuta zake. Mtu anayeuza hizo chupa kila siku anashindwaje kujua?

Swali la kwanza la fundi lilipaswa kuwa: tangi hili ni la plastiki gani? Na kulijibu hakuhitaji mashine. Matangi mengi yamegongwa alama kwenye ubavu au karibu na mdomo. Ukikuta pembetatu yenye namba 2 au 4, au herufi PE, hiyo ni polietilini. Namba 5 au PP ni polipropilini, nayo haipendi gundi. Ukikuta ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu, shukuru, hiyo inakubali gundi. Kama alama imefutika, kwangua kipande kidogo mahali pasipoonekana, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ili vipovu visikidanganye. Kikielea ni PE au PP. Kikizama, huenda ni ABS. Kuhakikisha, chukua asetoni, hata dawa ya kufutia rangi ya kucha kama imeandikwa ina asetoni, paka kidogo kwa kitambaa. ABS inalainika na kunata, rangi yake inahamia kwenye kitambaa. PE haishtuki.

Letu lilielea. Fundi alikuwa na glasi ya maji mezani akaishia kuinywa.

Lakini kilichoniudhi kuliko hata gundi ni mkanda. Tulipoingia chini wenyewe na taa, tukakuta tangi linashikiliwa na mikanda miwili ya bati, na mmoja bolti yake haipo kabisa. Tangi limelala upande mmoja. Ufa ulikuwa kwenye kona, palepale bomba la kutolea linapoingia. Fikirieni: lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi letu ni la lita 100. Likijaa, ni kilo 100 zinaning'inia kwenye mkanda mmoja, na tela linapita kwenye barabara za vumbi za juu ya uwanda wa Makonde, zile zenye mawimbi ambayo gari zima linatetemeka mpaka vyombo vinagongana kabatini. Uzito wote unavutwa na bomba. Plastiki gani itavumilia? Hata ungeleta fundi wa kuchomelea kutoka mbinguni, bila kurudisha ule mkanda ufa ungefunguka tena njiani, kabla ya kufika Nanyamba. Na huyu bwana alilala chini yake, mkanda unamning'inia usoni, akapaka silikoni akatoka!

Tukaamua tunafanya wenyewe. Naandika kwa urefu hapa kwa sababu kuna mtu Lindi au Masasi atakutana na hili.

Kwanza tulimwaga kila kitu kwenye shimo la choo, si kwenye kichaka. Tukasuuza kwa maji mengi, tukajaza tena, tukasuuza tena, mpaka maji yakatoka meupe. Ndipo tukatia klorini. Hapa naomba mnielewe: klorini msiitie kabla ya kusuuza, na msiichanganye kamwe na ile dawa ya chooni yenye asidi. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, na wewe umelala chini ya tela huna pa kukimbilia. Glavu ndefu, miwani, na nguo utakayoifua peke yake.

Kisha tangi likaachwa wazi, koki zote zimefunguliwa, feni inapuliza ndani. Msiharakishe hapa. Kinyesi kilichokaa kwenye tangi kinatoa gesi, na mojawapo ni methani, inayowaka. Mtu akileta moto kwenye tangi ambalo halijaoshwa na kupitishiwa hewa anajitafutia msiba. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa jirani.

Tulilishusha tangi kabisa. Kuna watu wanachomelea likiwa juu, ila chini ya tela huoni vizuri na plastiki ya moto inakudondokea. Tela likae kwenye stendi imara na matairi yawekewe kabari. Jeki peke yake haitoshi, jeki inateleza.

Ncha mbili za ufa tukazitoboa kwa biti ya milimita 3. Bila hayo matundu ufa unaendelea kutembea hata baada ya kuziba. Ufa wenyewe tukauchimba mfereji wa umbo la V kwa ncha ya kisu, bila kuupasua mpaka ndani, na pembeni tukakwangua uso wote wa juu mpaka plastiki mpya ikaonekana. Ule uso wa juu umechakazwa na hewa na jua, haushikani na kitu.

Plastiki ya kujazia lazima iwe ya aina ileile. Mjini nimezunguka kutafuta vijiti vya PE vya kuchomelea, sikupata hata duka moja. Tukakata vipande vyembamba kwenye ukingo wa tangi lenyewe, ule unaotokeza nje na haubebi kitu. Kuna mtu alinishauri nikate dumu. Dumu nalo ni polietilini, lakini zipo aina tofauti na si zote zinashikana vizuri, kwa hiyo ukingo wa tangi ndio wa uhakika.

Joto tulitumia pasi ya umeme ya kuchomelea waya, ya ncha pana. Polietilini inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 120 hadi 130 hivi, haihitaji moto wa gesi. Siri ni kuyeyusha pande zote mbili kwa pamoja, tangi na kipande. Ukiona uso wa tangi umeanza kung'aa kama umelowa, hapo ndipo unagandamiza kipande. Ukiyeyusha kipande peke yake na kukidondoshea juu ya tangi la baridi, umepaka tu, hujachomelea, umerudi kwenye silikoni. Na ukiona moshi au plastiki inageuka rangi, umezidisha. Juu ya mfereji tukalaza wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, tukauzamisha kwenye plastiki na kuufunika. Likaachwa lipoe lenyewe. Msimwagie maji, plastiki ikipozwa ghafla inajikunja na kupasuka.

Kabla ya kulirudisha tukalijaza maji safi, tukapaka vumbi la chaki kwenye mshono wote, likalala hivyo. Asubuhi chaki nyeupe, kavu. Mikanda yote miwili tumeweka mipya, ya chuma kinene, na kipande cha mpira wa tairi kati ya chuma na tangi ili kisilisage. Mpira wa koki nao tukabadilisha, ulikuwa umekauka. Tela limeshakwenda Tandahimba na kurudi, chini pakavu.

Nyongeza: naona maswali mengi, najibu hapa.

Aliyeuliza kuhusu ABS: kazi ni nyepesi zaidi. Osha, kausha, toboa ncha za ufa, piga msasa, kisha kata kiraka cha ABS kinachozidi ufa pande zote na ukibandike kwa gundi maalumu ya ABS. Gundi ya bomba za PVC siyo. Ukikosa, yeyusha vipande vya ABS kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito. Acha likauke siku nzima kabla ya kutia maji, na fanyia nje, asetoni inashika moto upesi.

Aliyesema "si ununue tangi jipya": tangi la tela lina umbo lake, matundu yake na urefu wake wa kuingia kati ya vyuma. Halipo dukani Mtwara. Kuagiza mbali ni gharama na kungoja, na wakati huo wageni wameshahama.

Aliyesema nimewaonea mafundi: sijasema mafundi wote. Fundi anayesema "hii plastiki siijui, ngoja niulize" namheshimu na nitampa kazi. Nimemsema anayeijua hela tu.

Na wewe wa duka, najua unasoma humu maana wateja wako wamekutumia huu uzi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa. Risiti ninayo, pakiti ninayo, haijafunguliwa. Jumatatu asubuhi nipo mlangoni kwako. Nataka hela yangu, na nataka ubandike karatasi kwenye hilo kabati inayosema gundi hii haishiki simtanki wala tangi la PE.

Mwenye vijiti vya PE vya kuchomelea, awe Mtwara, Lindi au Masasi, aweke bei hapa. Nanunua.