Nimenunua darubini, mume anauliza ya kazi gani. Nimjibu nini?

MamaMarinda (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Mie ni mshonaji, nina cherehani zangu mbili hapa Ngamiani, Tanga. Ndoa ina miaka 16, watoto watatu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanicheka.

Desemba tulivunja kikoba. Mgao wangu nikalipa deni la vitambaa, nikanunua sare za watoto wote na madaftari, nikaweka mchele na unga ndani. Ikabaki elfu sitini na kitu. Siku hiyo nilikuwa naelekea soko la Mgandini kununua zipu na nyuzi. Njiani kuna kijana katandaza turubai la mitumba: pasi, blenda zisizo na vifuniko, saa za ukutani zilizosimama. Katikati yake kuna darubini nyeusi, nzito kama tofali, imeandikwa 10x50, mkanda umekatika kafungia kamba ya katani.

Nikaiokota kwa masihara tu. Nikaielekeza mwisho wa barabara, nikamwona muuza kahawa anahesabu sarafu, kidole kimoja kimoja, kama yuko mbele ya uso wangu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kijana kataja sabini, nikaondoka, akaniita, nikarudi, tukaishia arobaini na tano. Zipu sikununua.

Tangu hapo jioni nikifunga kazi napita Bustani ya Jamhuri, pale juu ya bandari, natazama meli. Usiku nakaa uani natazama mwezi. Basi. Siandiki chochote, sitafuti chochote. Narudi ndani nimefurahi, nalala.

Sasa balaa. Jirani kaanza kusema nachungulia madirisha ya watu. Wifi yangu kapiga simu kwa kaka yake, ambaye ni dereva wa lori na wakati huo yuko kwenye foleni Tunduma. Mume akanipigia, hakufoka wala nini, kauliza swali moja tu: "Ya kazi gani?" Nikakaa kimya hadi salio lake likaisha.

Anarudi wiki ijayo. Niiuze? Au nimjibu vipi? Maana nimejiuliza mwenyewe na jibu sina.

---

KijanaWaPongwe

Nimetandika mkeka hapa. Mwenye kahawa alete na kashata.

---

MkaguziWaHesabu

Dada, mie nitakuwa mbaya wako. Furaha yako siipingi. Ila umeandika sentensi moja fupi ukadhani tutaipita: "Zipu sikununua." Kesi yako iko hapo. Zipu ni mtaji. Mshonaji aliyekosa zipu anamwambia mteja "njoo kesho", na mteja wa Tanga ukimwambia njoo kesho anahamia barabara ya pili yake. Ungekula ile elfu kumi na tano iliyozidi nisingesema neno. Uza darubini, rudisha mtaji, mwakani nunua nyingine kwa faida.

---

MamaMarinda

Mkuu zipu nilinunua kesho yake kwa ile iliyobaki. Lakini nakubali, niliandika fupi makusudi.

---

BaiskeliTatu

Mleta uzi, uko mji wa baiskeli halafu unaogopa swali la "ya kazi gani"? Mie baiskeli yangu ina kengele tatu. Tatu! Moja inatosha kumtoa mbuzi barabarani. Ina vioo viwili vya pembeni ambavyo sijawahi kutazama nyuma kwavyo, ina maua ya plastiki kwenye usukani, na matairi nimeyavalisha manyoya ya rangi kwenye ekseli. Kila Ijumaa naipaka mafuta ya nazi inang'aa. Nikipita Chuda watoto wanapiga kelele. Kazi ya kengele ya tatu ni hiyo.

Halafu umesema mumeo ni dereva wa lori. Nauliza kwa heshima zote: lori lake lina honi ngapi? Lina taa za rangi? Kuna maandishi ubavuni? Muulize yale yote ni ya kazi gani.

---

MamaMarinda

Lahaula. Lina honi inayowika kama jogoo. Aliifunga mwaka juzi na tajiri wake hakuchangia hata shilingi.

---

BiMkubwaMakorora

Mwanangu, nina kabati la vioo sebuleni lina seti ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu tangu 1998. Hakuna aliyewahi kunywea chai, hata shehe alipokuja kwenye arubaini alinywea vya kawaida. Kila Jumamosi navitoa, navifuta kimoja kimoja, navirudisha. Marehemu mume wangu aliuliza mara moja tu kama wako. Nilimwambia, "Navitazama." Akanyamaza, kwa sababu na yeye alikuwa na njiwa.

Darubini yako angalau inatoka nje.

Ila la jirani usilidharau. Darubini uswahilini ni fitina, maana mtu hajui wewe unaona nini, anajua tu kwamba anaonekana. Usitazame kutokea dirishani wala usijibanze gizani. Toa kiti nje, kaa barazani waziwazi, na watoto wake wakija wape watazame mwezi. Mtoto akirudi nyumbani anapiga kelele "mama mwezi una mashimo!", huyo ndiye wakili wako.

---

BahariaMstaafu

Uzi mzuri huu. Nimekaa baharini miaka 19, sasa nipo Raskazone nafuga kuku. Swali la mume wako ni zito, na mie sitakusaidia kulijibu. Nitakusaidia kutazama.

Ukiwa pale bustanini anza na tumbo la meli. Ile rangi nyekundu ya chini ikipanda juu sana ya maji, meli ni tupu. Ikizama usiione, imeshiba mzigo. Rudi kesho yake na keshokutwa, utaona inavyopanda kidogo kidogo kadiri wanavyoshusha. Hapo utajua kazi inaenda au makuli wamelala.

Kisha nenda kwenye tezi. Nyuma kabisa, chini ya jina la meli, kuna jina la mji. Umeshasoma mangapi?

---

MamaMarinda

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma MONROVIA mara mbili na moja MAJURO. Nikasema kumbe Liberia ni matajiri hivi!

---

BahariaMstaafu

Marahaba. Hahaha, kila mtu huanza hivyo. Ule ni mji meli ilikosajiliwa, hauhusiani na anakokaa tajiri wake. Monrovia ni Liberia, Majuro ni Visiwa vya Marshall, kule Pasifiki. Mwenye meli anaweza kuwa Mgiriki, nahodha Mhindi, mabaharia Wafilipino, na mzigo ni wa mtu wa Lubumbashi. Wanasajili huko kwa sababu ada na masharti ni nafuu. Baharini tunaiita bendera ya kukodi.

Ukimaliza tezi panda juu kwenye mlingoti. Bendera ya njano peke yake maana yake meli inaomba kibali cha afya, hakuna mgonjwa. Iliyogawanyika nusu nyeupe nusu nyekundu, rubani wa bandari yumo ndani. Nyekundu tupu, kuna mzigo wa hatari, mafuta au baruti. Na bendera yetu utaiona pia, wanaipandisha kwa heshima ya mwenyeji.

Umebahatika kununua wakati huu. Zamani meli kubwa zilitia nanga huko nje, mzigo unaletwa kwa matishari, ungeziona kama visanduku vya kiberiti. Tangu walipochimba kina hadi mita 13 zinakuja kufunga gatini kabisa. Na ukigeukia kaskazini, ng'ambo ya ghuba, ndiko Chongoleani linakoishia lile bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda.

Angalizo moja: kaa bustanini au ufukweni kama raia wengine. Usisogee uzio wa bandari na darubini shingoni. Walinzi nao watauliza ya kazi gani, na wale hawasubiri salio liishe.

---

Nimejifunza

Wadau naona mnashangilia. Niweke upande wa pili. Mie nilianza na saa moja ya elfu thelathini. Nikaipenda. Nikanunua ya pili, ya tatu, viatu, spika ya bluu inayowaka. Ilipoisha hela nikaingia mikopo ya simu, halafu kausha damu wa mtaani. Furaha ya kitu ilikuwa inaishia kwenye kufungua boksi, baada ya hapo nilikuwa sikitazami hata. Nina saa kumi na moja na nachelewa kazini kama kawaida. Mke aliondoka na kitanda.

Dada hajafika huko, nimesoma alilipa madeni kwanza. Namuuliza kitu kimoja tu: ukiipata darubini ya pili kwa bei ya karanga, utanunua?

---

MamaMarinda

Pole sana kaka. Nimefikiria. Sitanunua, macho ninayo mawili tu. Nataka kamba nzuri ya hii hii, ile ya katani inanichoma shingo.

---

UstadhWaMwanzange

Israfu ni kupita kiasi, na aliyelipa madeni na kuvisha wanawe hajapita kiasi kwa elfu 45. Hilo limekwisha.

Langu ni jingine. Shaaban 29 uje nayo ufukweni kwa ajili ya mwandamo, tafadhali. Kila mwaka kuna mzee anauona mwezi nyuma ya wingu peke yake.

---

KijanaWaPongwe

Ustadh usituletee ugomvi. Mwezi ulionekana kwa darubini ya mtumba unakubalika?

---

UstadhWaMwanzange

Katika hilo wanazuoni wana maneno mengi. Wewe mwenye kahawa kaa kwenye mkeka wako.

---

MwalimuWaFizikia

Naongeza ya usiku. 10x50 maana yake inakuza mara 10 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Kwa nyota hiyo ni nzuri kuliko vile vidarubini vidogo vya kuchezea, kwa sababu inakusanya mwanga mwingi. Shida yake mikono inatetemeka. Lala chali mkekani, au egemeza viwiko ukutani.

Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, hapo unang'aa tu kama sahani. Utazame ukiwa nusu, pale giza linapokutana na mwanga, ndipo vivuli vinapoyatoa mashimo na milima. Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, ukiwa juu, tulia, utaona vitone pembeni yake vimejipanga kwa mstari: ni miezi yake minne mikubwa, ile Galileo aliyoiona mwaka 1610. Kesho yake vimehama.

Na Januari hii saa mbili usiku Kilimia, kile kifungu cha nyota, kiko juu kabisa. Wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, wakapanga kilimo nacho. Kwa macho utahesabu nyota sita. Weka darubini halafu rudi hapa utuambie.

Jua usilielekezee kamwe, hata sekunde moja, na watoto wa jirani uwaambie hivyo kwanza kabla hawajaishika. Linaunguza jicho bila hata kuuma.

---

MamaMarinda

Mwalimu. Nimetoka uani sasa hivi. Nilifika thelathini na kitu nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Zimetawanyika kama shanga za harusi kamba ikikatika. Miaka 43 nimeishi chini yake nikidhani ni kidoti chenye ukungu.

---

BaiskeliTatu

Mumeo karudi? Lete mrejesho.

---

MamaMarinda

MREJESHO

Karudi Ijumaa usiku. Nikampa maji akaoga, akala, hakusema. Nilipotoa sahani ndipo akauliza, "Iko wapi hiyo?" Nikamletea. Akaigeuzageuza kama anakagua nozeli, kisha akaiweka machoni kinyumenyume, ile mikubwa upande wake, akanitazama mie niliyekaa mbele yake. Akasema, "Umekuwa kadogo. Uko mbali."

Nikamwambia ndivyo na mie ninavyomwona akiwa Tunduma.

Hakucheka, ila hakuiweka chini haraka. Nikaona nafasi ndiyo hiyo, nikauliza honi ya jogoo ni ya kazi gani. Akajibu bila kupepesa macho kuwa ile ni usalama barabarani. Wakuu, mtu mzima! Tukaishia hapo. Habari ya kuuza hajaitaja tena, wala mie siigusi. Kasema tu nisiende nayo bandarini, kule anajulikana.

Jirani watoto wake wanakuja kila siku, sasa kazi ni kuwafukuza saa tatu. Wifi hatusalimiani bado.

Nina shida nyingine. Kioo cha upande wa kushoto kimeanza kuwa na ukungu kwa ndani, mweupe kama utando wa buibui. Nimefuta nje hautoki. Ni hili joto na chumvi ya kaskazi? Mzee Baharia, saidia.

---

BahariaMstaafu

Ni kuvu hiyo, unyevu umeingia. Usiifungue mwenyewe, vioo vya ndani vikihama kidogo tu utaona meli mbili mbili. Unaihifadhi wapi?

---

MamaMarinda

Kwenye mfuko wa rambo, chini ya vitambaa. Nilikuwa naificha.

---

BahariaMstaafu

Basi umeipikia huko. Itoe kwenye rambo leo leo. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka darubini humo na vile vipakiti vyenye punje zinazokuja ndani ya boksi la viatu vipya, vinanyonya unyevu. Vingi uwezavyo. Kuvu iliyopo haitaondoka ila haitaenea.

---

MamaMarinda

Viatu vya shule vya hawa watatu vimetoka na vipakiti sita, viko kwenye droo ya cherehani na vifungo. Kopo nanyang'anya la biskuti. Ahsante mzee wangu.