Cheti cha ubora ukutani: kampuni inajifunza au inajaza fomu?

Mla_Samaki
Wanajamvi, salaam. Niko jikoni kwenye hoteli moja hapa Malindi, jina nitalimeza. Tuna cheti cha ISO 9001, kile cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kimetiwa fremu, kimetundikwa mapokezi juu kuliko picha ya Rais. Lakini fomu ya joto la friza, ile ya kuandikwa mara mbili kwa siku, hujazwa Ijumaa kwa wiki nzima: kalamu moja, mkono mmoja, na friza haijapanda wala kushuka hata nyuzi moja. Mwaka jana mpishi mzee alistaafu. Yeye ndiye aliyejua mvuvi gani samaki wake wamelala. Siku hizi tunapokea tu. Hiki cheti kinaifundisha kampuni kitu, au ni pambo?

Mkaguzi_Mpole
Usikilaumu cheti. ISO 9001 ya kwanza, ya 1987, ilipenda makaratasi kweli. Toleo la 2015 hata ule mwongozo mnene wa ubora halikulazimishi tena, na kifungu 7.1.6 kinataka shirika lijue maarifa linayoyahitaji na liyatunze. Mzee kuondoka na elimu yake kichwani, hiyo peke yake ni kasoro ya kuandikwa. Shida ni sisi watu wa pwani, fundi hufa na siri yake. Nendeni Matondoni, kile kijiji cha waunda majahazi kule Lamu: majahazi yote yale na hakuna mchoro hata mmoja.

Kalafati
Mkaguzi, mengine yote nimekuachia, hilo la Matondoni hapana. Babu yangu alijenga kwa jicho, na wanagenzi wanne wamesimama naye wakishika ubao. Mchoro wa nini? Ukitia pamba vibaya kwenye maungo, bahari itakwambia siku ya kushua, haingoji Ijumaa. Ndoo Matondoni uketi siku moya uone.

Bint_Shela
Ndoo ya maji au ya rangi? 😂

Kalafati
Cheka. Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kilitungiwa tenzi kabla hicho Kiswahili chenu sanifu hakijazaliwa. Na wewe ni wa Shela, wajua vizuri ndoo kwetu ni njoo.

Barobaro_Mambrui
Tumetoka kwenye friza tumefika kwenye tenzi, haya. Yule Mjapani wa mambo ya ubora, Deming, si alisema makosa mengi ni ya mfumo, si ya mfanyakazi?

Mkaguzi_Mpole
Deming ni Mmarekani. Alikwenda Japani 1950 kufundisha, na mwaka uliofuata Wajapani wakaanzisha tuzo ya jina lake.

Barobaro_Mambrui
Mmarekani, Mjapani, neno ni lile lile. Toyota mfanyakazi wa chini ana kamba: akiona kasoro anavuta, msimamizi anakuja, isiporekebishika kazi inasimama. Mimi nilipokuwa kibarua nilisimamisha kazi mara moja. Aliyesimamishwa ni mimi.

Bi_Mkunguni
Namuunga mkono Mkaguzi, nitukaneni. Mtepe, kile chombo cha kale cha pwani, ulishonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari hata mmoja. Leo umebaki mfano wa kutazamwa makumbusho. Hilo jicho la babu lilikwenda wapi?

Kalafati
Bi, kwa heshima yako, mtepe haukufa kwa kukosa faili. Ulikufa kwa sababu watu walitaka chombo cha misumari. Mambo ya ufundi tuachieni mafundi.

Bi_Mkunguni
Mwanangu, marehemu baba alikuwa fundi wa milango. Nakshi ya mwisho alikuwa akiichonga usiku, wanagenzi wameshakwenda kwao. Nilimuuliza kwa nini. Akanambia, "Nikiwapa yote, kesho watanifungulia karakana mlango wa pili." Usinifunze fundi ni nani.

Bint_Shela
Na alikuwa na haki! Hoteli inamtaka mzee aandike kila anachokijua, halafu mkataba wake wa miezi sita haurudiwi. Nani atatoa bure? Mlipeni kwanza, ndipo mumwite mchoyo.

Mkaguzi_Mpole
Hapo sikupingi. Saa za kufundisha ziwe kazi ya kulipwa, zisiwe fadhila.

Kalafati
Matondoni bado inangoja radhi.

Mkaguzi_Mpole
Kwa mchoro, nisameheni. Kwa siri, muulize Bi Mkunguni.

Kalafati
Yaani unajificha nyuma ya mama wa watu.

Mla_Samaki
Jamani, mimi bado niko hapa. Mkaguzi wa nje anakuja Jumatatu. Nimeambiwa nijaze fomu za friza za miezi miwili, na safari hii nimepewa kalamu tatu za rangi mbalimbali. Nijaze?

Bint_Shela
Jaza, kisha nyunyizia maji kidogo zionekane zimekaa jikoni. Ndoo anayo Kalafati.