Mjadala: Vita huanzia ndani ya nafsi ya mtu au mezani kwa wakubwa?

Mwanzisha mada, Iringa Mjini

Wakuu, habari za leo. Naleta hoja ambayo najua itatugawa, na naomba tugawanyike kwa hoja, si kwa matusi.

Julai 1932 Albert Einstein, kwa mwaliko wa taasisi iliyokuwa chini ya Shirikisho la Mataifa, alimwandikia Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeasisi uchanganuzi wa nafsi. Alimuuliza kama ipo njia ya kumwokoa binadamu na vita. Freud akamjibu Septemba: ndani ya kila mtu kuna misukumo miwili inayovutana, mmoja wa kuunganisha na kulinda uhai, mwingine wa kubomoa na kuua. Huu wa pili ukielekezwa nje, mtu anakuwa mwepesi kuitikia anapoitwa vitani. Barua hizo zilichapishwa 1933, mwaka ambao Hitler alishika madaraka na vitabu vya Freud vikachomwa moto Berlin.

Waliomfuata walikwenda mbele zaidi. Mwitaliano Franco Fornari aliona vita kama kilio kilichokosa njia: jamii iliyofiwa inashindwa kuanua matanga, inaanza kumtafuta aliyewaroga. Vamık Volkan, mzaliwa wa Kupro aliyefanya kazi Marekani, alionyesha jinsi jamii inavyobeba pigo la kale kizazi hadi kizazi, kisha kiongozi analifufua kama limetokea jana. Mfano wake ni Waserbia: kushindwa kwao Kosovo mwaka 1389, na Slobodan Milošević akasimama palepale 1989, miaka 600 baadaye, kuwahutubia.

Msimamo wangu ni huu: hoja hizi zinaeleza kwa nini watu huitikia wito wa vita. Hazielezi kwa nini wito unatolewa, wala kwa nini wakati mwingine unatolewa na watu hawaitikii.

Ushahidi uko hapa kwetu. Agosti 17, 1891 Wahehe waliuvunja msafara wa kijeshi wa Wajerumani chini ya Zelewski pale Lugalo, na Zelewski mwenyewe akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakaiangusha ngome ya Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojipiga risasi badala ya kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa. Kama kuna jamii iliyopewa jeraha la kubeba, ni hii. Lakini Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani, ilipolipuka 1905, miaka saba tu baadaye, Wahehe hawakujiunga. Wapo waliokwenda na Kapteni Nigmann kutoka boma la Iringa, upande wa Wajerumani, kuliokoa boma la Mahenge lililoshambuliwa na wapiganaji wa Majimaji. Majirani zao Wabena, chini ya Mbeyela, wakaishambulia misheni ya Yakobi. Jeraha la Wahehe lilikuwa bichi kuliko la Wabena, na mkono wao haukuinuka. Waliobaki walikuwa wameshaona bunduki zinafanya nini, na walikuwa na mahesabu yao.

Nani ananipinga?

Mdau wa Mwanjelwa, Mbeya

Mkuu, mimi nakwenda mbali kuliko wewe. Majimaji ilianza Umatumbi kwa sababu watu walilazimishwa kulima pamba ya serikali kwa kiboko, huku mashamba yao ya chakula yakibaki pori. Hapo msukumo wa mauti unatafuta nini? Ukisema vita viko ndani ya kila mtu, aliyeshika kiboko na aliyechapwa wanakuwa sawa. Siwezi kukubali elimu inayomsafisha mkoloni kwa jina la nafsi ya binadamu.

Mwalimu mstaafu, Njombe

Mdau wa Mwanjelwa, pamba na kiboko vinaeleza hasira. Havielezi maji. Mganga Kinjikitile pale Ngarambe aliwaambia watu kwamba dawa yake itazigeuza risasi kuwa maji, na watu wenye akili timamu, wenye wake na watoto, wakaifuata bunduki ya mashine wakiwa na mikuki. Mwaka 1915, mwanawe akiwa tayari jeshini, Freud aliandika kwamba ndani kabisa hakuna mtu anayeamini kifo chake mwenyewe. Mimi naona dawa ile iliipa imani hiyo sura ambayo watu wote waliweza kuishika pamoja, Wabena, Wangoni na Wapangwa, jamii ambazo kabla ya hapo hazikuwa na jeshi moja. Na msidhani ni ujinga wa Waafrika. Vijana wa Ulaya waliopanda treni Agosti 1914 wakiimba, nao walikuwa na maji yao.

Huku kwetu Wajerumani walichoma maghala na mashamba hadi njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Kuuelewa moyo wa aliyepigana si kumsamehe aliyechoma ghala.

Binti wa mpiganaji, Mafinga

Shikamoo Mwalimu. Baba yangu alipigana vita vya Kagera, na kila nikisikia kwamba adui ni kivuli cha uovu wetu tunaomtwika mwingine, nakasirika. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka Oktoba 1978, yakaua na kupora. Hatukumwota. Mwalimu Nyerere alipotangaza vita alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Wataalamu wenu wanazungumzia nia peke yake. Nani atanieleza sababu?

Mwanzisha mada

Dada wa Mafinga, umelitaja nililokuwa nalitafuta: nia, sababu na uwezo havitoki mahali pamoja. Nami naongeza kwamba hata nia ina wenye kuichochea. Tazameni fuvu la Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, uliitaka Ujerumani kulikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Waingereza hawakuwa na msiba na Mkwawa. Walikuwa wameitwaa nchi, na walitaka Wahehe waone kwamba Mjerumani ameshindwa. Miezi sita ikawa miaka 35, hadi Gavana Twining alipolirudisha Kalenga Juni 1954. Jeraha letu lilikaa ndani ya mkataba wa watu wengine, likitumika kwa haja zao.

Kwa hiyo swali langu kwa Mwalimu na kwa mdau wa Mwanjelwa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha kwa ukatili wa Wajerumani wakati wa Majimaji, na akaahidi kusaidia kutafutwa kwa fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani. Fornari angesema mafuvu yakirudi na kuzikwa, watu wanaanua matanga na chuki inakosa pa kushika. Ninyi mnasemaje: yarudi kwanza, au kwanza tuzungumze fidia ya mashamba yaliyochomwa?